Bawa la Demio na Mtungi wa Maji

Kuna uongo mmoja unaouzwa hapa Tuala kwa bei ya tairi nne mpya, na wanaounua wanaubeba wakitabasamu. Ni uongo wa fibaglasi, umepakwa rangi nyeusi inayong'aa, umekazwa kwa skrubu nne kwenye mlango wa buti. Ukimuuliza muuzaji hilo bawa ni la nini, hatakwambia ni la kupendeza. Atasema, "Buda, hii inakaza gari barabarani. Ukiwa hundred na something haiyumbi." Ukweli wa bawa hilo ni kwamba halikazi chochote. Hapa kwetu, kwa gari lako, kwa kasi unayoruhusiwa, linafanya kazi ambayo mtungi mmoja wa maji ungeifanya. Na mtungi, ukifika nyumbani, unaweza kuupikia.

Kabla hamjaanza kunipigia kelele: sina shida na urembo. Mtu anayeishi kando ya barabara inayotoa nganya za Rongai hawezi kuchukia gari lililopambwa. Nganya ikipita na taa zake, michoro yake na pembe zake nyuma, hakuna anayedanganywa. Kondakta hasemi pembe zile zitaokoa abiria. Anasema gari lake ni kali, na ni kweli ni kali. Hiyo ni sanaa, na msanii ana haki ya kuchora anavyotaka. Ugomvi wangu ni na urembo unaouzwa kama usalama, kwa sababu mtu akiamini gari lake limekazwa, mguu wake wa kulia unaamini pia.

Nitaanza na hewa, kwa sababu hewa haina upande.

Spoila na bawa si kitu kimoja, ingawa huku tunaviita vyote spoila. Spoila halisi ni ukingo unaokaa juu ya bodi na kuuharibia upepo njia yake. Gari la kawaida lina mgongo wa mviringo, na upepo ukipita juu yake kwa kasi kubwa huliinua kidogo, kama unavyoinua bati la paa. Ule ukingo unavuruga mpito huo na kupunguza kule kuinuliwa. Bawa ni jambo jingine. Lenyewe ni bawa la ndege lililopinduliwa juu chini, limesimamishwa kwa miguu ili upepo upite juu na chini yake. La ndege huinua, la gari hugandamiza. Mwaka 1956 mhandisi Mswisi, Michael May, alifunga bawa la namna hiyo juu ya Porsche yake huko Nürburgring, Ujerumani. Miaka kumi baadaye Mmarekani Jim Hall akaja na Chaparral 2E yenye bawa refu lililosimama juu kabisa ya magurudumu ya nyuma. Wazo hilo lilibadilisha mbio za magari duniani. Gari la Formula 1 la leo likiwa kasi hugandamizwa na upepo kwa nguvu inayozidi uzito wake lenyewe.

Kwa hiyo bawa linafanya kazi. Swali ni lini, na wapi.

Nguvu ya upepo hutegemea mambo manne: uzito wa hewa, ukubwa wa bawa, umbo lake na kasi. Ile ya mwisho ndiyo baba yao. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Ikipungua nusu, inabaki robo. Chukua bawa la kawaida la mtaani, upana mita moja na nusu kasoro kidogo, kina sentimita 25. Tulipe heshima lisiyostahili, tuseme umbo lake ni zuri na upepo unalifikia ukiwa safi. Piga hesabu kwa hewa yetu ya hapa.

Kwa kilomita 50 kwa saa, kasi halali ya mjini, linagandamiza kama kilo tatu na nusu. Hizo ni paketi mbili za unga, na nimekuongezea. Kwa kilomita 80 ni kama kilo tisa. Kwa kilomita 110, kasi ya juu kabisa ambayo sheria ya Kenya inaliruhusu gari dogo la kibinafsi, unapata kama kilo 17. Mtungi wa lita ishirini, ule tunaosukuma kwa mkokoteni maji yakikatika, ukijaa una kilo 20. Yaani ukivunja sheria kidogo tu, bawa lako litakuwa limefikia mtungi.

Demio ina uzito wa karibu tani moja kabla hujaketi ndani. Kilo 17 juu ya tani moja ni chini ya asilimia 2. Na bawa lenyewe, miguu yake na skrubu zake lina kilo zake, ambazo unazibeba hata ukiwa umesimama kwa foleni Kitengela ukingoja trela zipite.

Mtu aliyesoma atanikosoa: mtungi ni mzigo, na mzigo ukikata kona unakuvuta nje, ilhali upepo unagandamiza bila kuongeza mzigo. Kweli kabisa. Ndiyo sababu watu wa mbio hufunga mabawa na hawabebi mawe. Lakini wao wanazungumzia mamia ya kilo kwa kasi ya kilomita 200 na zaidi, kona baada ya kona, kwa lami iliyosafishwa. Wewe unazungumzia paketi mbili za unga ukikata kona ya kuingia kwa kinyozi.

Halafu kuna urefu wa nchi. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Bawa lilelile, kwa kasi ileile, linafanya kazi vizuri zaidi Nyali kuliko hapa. Muuzaji hakukwambia hilo. Hajui, na hana sababu ya kujua, kwa sababu hauzi nguvu ya upepo. Anauza hisia ya kufanana na mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine tunamjua. Ana Subaru ya buluu yenye rimu za dhahabu. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini tulirithi ile picha hata kabla ya kujua kuendesha: Colin McRae akishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, Patrick Njiru wetu akipasua vumbi kwa Subaru. Bawa la Impreza lilikuwa na sababu. Kanuni za mbio za enzi ya Group A zilidai gari la mashindano litokane na lile linalouzwa dukani, kwa hiyo watengenezaji waliuza magari ya barabarani yakiwa na vipande vya mbio. Bawa lilifika kwenye maegesho ya benki kwa sababu ya karatasi za mashindano. Mwenye kwenda benki hakuwa na haja nalo.

Lakini angalieni vizuri zile picha za Safari tunazozipenda. Magari yaliyokuja Kenya miaka hiyo yaliinuliwa juu. Yalifungwa vyuma mbele kwa ajili ya wanyama, taa za ziada, na bomba la kuvuta hewa lililopanda ubavuni hadi juu ya paa ili injini isinywe maji mtoni. Mafundi bora wa Ulaya na Japani, wenye pesa zote, walipoiangalia barabara yetu waliamua hivi: inua gari, kinga pua, linda injini. Sisi wenye barabara tunafanya kinyume. Tunakata springi, tunashusha bampa, tunafunga splita ya plastiki sentimita kumi kutoka kwa murram, kisha tunasema tumeiga Safari.

Ile splita ya mbele ina hesabu yake pia. Inafanya kazi ikiwa karibu sana na ardhi, na ardhi iwe tambarare kama meza, ili hewa inayopita chini iende mbio na kulivuta gari chini. Tuta la kwanza linaimaliza. Nimeziona nyingi zimeshonwa kwa waya na kamba za plastiki kama kiatu cha mwanafunzi. Ile difyuza ya nyuma, yale mapezi ya plastiki chini ya bampa, inahitaji tumbo la gari liwe laini ili hewa ifike ikiwa imenyooka. Chungulia chini ya Fielder yoyote: ekzosi, tangi, vyuma vya springi, matope ya black cotton yaliyokauka tangu Aprili. Hewa inayotoka hapo imechoka, imegongwa kila mahali. Mapezi yale hayana chochote cha kupanga.

Mkitaka kuthibitisha, hamhitaji maabara ya upepo. Tuna vumbi. Kaa kando ya murram kiangazi, angalia Probox ikipita. Vumbi linapanda nyuma ya gari, linajiviringisha, kisha linavutwa kurudi kwenye kioo cha nyuma na kuganda pale. Unachokiona ni hewa iliyoachana na bodi na kuacha ombwe nyuma yake. Sasa angalia saluni yenye bawa fupi juu ya buti, chini ya usawa wa paa. Mara nyingi bawa lote limekaa ndani ya hewa hiyo iliyovurugika, na vumbi limelipaka chini na juu bila mpangilio. Bawa linataka upepo safi. Jim Hall alilipandisha lake juu kwa sababu hiyo. Gundi nyuzi fupi za sufi juu ya bawa lako, mwambie rafiki aliye kwenye gari jingine akupige video. Nyuzi zikilala zimenyooka, bawa linapata upepo. Zikicheza kama watoto wa nasari, umenunua rafu ya kuwekea kikombe.

Jambo linaloniuma zaidi ni mahali bawa linapofungwa. Demio, Vitz, Note, Axio nyingi, Fielder nyingi: haya yote yanavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ndiko yanakopata nguvu, ndiko yanakogeuka, ndiko breki nyingi inakofanyika. Ukisukuma chini ncha ya nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, umetengeneza mizani ya kupimia nyama: upande mmoja ukishuka, mwingine unapanda. Kama bawa lako lingekuwa na nguvu kweli, lingepunguzia uzito magurudumu yanayokuokoa. Bahati yako ni kwamba halina nguvu.

Nilisoma uhandisi wa mitambo miaka miwili, kisha karo ikanishinda nikatoka. Sina digrii ya kuninginiza ukutani, na vijana wa stendi hunikumbusha hivyo kila tukibishana. Sawa. Lakini hesabu niliyofanya hapo juu ni ya kidato cha nne na kikokotoo cha simu. Hewa haiulizi cheti.

Mdogo wangu anaendesha Demio ya teksi ya aplikesheni. Analipa mwenye gari kila wiki, anarudi usiku wa manane kutoka Kitengela, na mathe halali mpaka asikie geti. Mwaka huu alipata pesa kidogo za ziada. Tairi zake za mbele zilikuwa zimebaki laini kama kichwa cha padri. Nikamwambia, "Nunua tairi." Akanijibu, "Bro, tairi bado zinasukuma. Hii spoila itanikazia nyuma, na wateja wanapenda gari iko smart." Akalifunga. Ni zuri, sitadanganya, linampendeza. Siku mbili baadaye mvua ilinyesha, akafunga breki karibu na kituo cha petroli na gari likateleza moja kwa moja kana kwamba usukani ulikuwa wa mapambo. Hakugonga mtu. Bawa lilikuwa pale nyuma, limesimama wima, halijaguswa na tone la kazi.

Kinacholiunganisha gari na dunia ni viraka vinne vya mpira, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja. Kila kitu unachotaka gari lifanye, kusimama, kukata kona, kukwepa ng'ombe, kinapitia hapo. Mifereji ya tairi ndiyo inayotoa maji chini yake. Ikiisha, gari linapanda juu ya maji na kuteleza. Kasi nayo ina hesabu yake ya mraba: ukitoka kilomita 80 hadi 100, umbali wa kusimama baada ya breki kushika unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Hakuna bawa mtaani litakalorudisha umbali huo. Tairi nzuri, breki nzima, shoki zisizovuja na mguu mwepesi vitarudisha sehemu yake.

Najua mtaniambia habari za Audi. Na mna haki. Audi TT ya kwanza ilitoka mwaka 1998 ikiwa na mgongo wa mviringo kama kobe. Baada ya ajali kadhaa za kasi kubwa huko Ujerumani, baadhi zikiua watu, kampuni iliyaita magari hayo na kuyafunga spoila ndogo nyuma, ikarekebisha springi na kuongeza mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuteleza. Spoila ile ilikuwa ya usalama kweli. Vilevile Porsche walipoweka mkia wa bata kwenye 911 Carrera RS ya mwaka 1972, walikuwa wanapunguza nguvu iliyoinua sehemu ya nyuma. Lakini someni hadithi nzima. Hizo ni kasi zinazokaribia na kuzidi kilomita 180, kwenye barabara kuu za Ujerumani. Wahandisi walipima, wakachora, wakajaribu, na hata hivyo hawakuiamini spoila peke yake. Muuzaji wetu amepima upana wa buti yako kwa macho.

Hata ile spoila ndogo ambayo Vitz au Note huja nayo kutoka Japani juu ya kioo cha nyuma ina kazi. Inasaidia upepo kuachana na paa vizuri, na kupunguza kidogo ukinzani. Iacheni. Iliyotengenezwa na kiwanda imepimwa pamoja na gari. Ninayoisema hapa ni ile iliyokuja baadaye, peke yake, kwa boda.

Na ikifungwa vibaya? Mwaka 1969 huko Montjuïc, Hispania, mabawa marefu ya Lotus za Graham Hill na Jochen Rindt yalivunjika mbioni na magari yote mawili yakaanguka. Wiki mbili baadaye, Monaco, mabawa marefu yakapigwa marufuku. Hao walikuwa wahandisi bora wa enzi yao. Sasa fikiria skrubu nne kwenye bati jembamba, bila bamba la kuimarisha ndani, kutu imeanza pale drili ilipopita, na kilomita za murram kila siku zikitikisa. Siku likiachia kwenye Namanga Road halitamwangukia mwenye gari. Litamwangukia wa bodaboda aliye nyuma. Na likibaki pale pale, kona zake kali ziko usawa wa uso wa mtoto anayevuka nyuma ya gari linalorudi. Ipo kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 26, inayodhibiti vitu vinavyochomoza nje ya magari kwa sababu hiyo hiyo. Zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani Kenya kila mwaka, na wengi kuliko kundi lingine lolote ni watembea kwa miguu. Wao hawana bawa wala bampa.

Wapo watakaosema ni pesa zangu, gari langu, niachie. Gari ni lako. Barabara ni yetu. Mimi mwenyewe ni abiria wa ile Demio, na mathe pia, akienda kliniki.

Kwa hiyo nawaomba wauzaji na mafundi wa mtaa jambo dogo tu: semeni ukweli. Sema, "Hii ni ya kupendeza, bwana, inakaa poa." Mtauza bado. Watu hununua herini bila kuambiwa zinaboresha masikio. Na fundi mwenye heshima, kabla hajashika drili, ainame aangalie tairi. Kama waya unaanza kuchungulia, akatae kazi ya bawa mpaka tairi zibadilishwe. Atapoteza mteja mmoja wa leo na kumhifadhi hai kwa miaka.

Nawe unayeweka akiba: tairi kwanza, halafu breki, halafu shoki na vichaka vyake. Halafu taa, kwa sababu huku usiku punda milia bado hawajui barabara ni ya nani. Pesa ikibaki, nunua bawa refu kuliko yote, lipake rangi ya pinki, andika jina la bibi yako. Nitakupigia makofi. Ila ukifika kilomita 110 ukahisi gari limekazwa, kumbuka ni mtungi mmoja wa maji, na haujajaa.